Mikono Yangu, Uso wa Wifi

Jumatatu, 3 Machi

Naanza kuandika leo. Mwanangu anasema kila kazi ya filamu ina shajara yake, yaliyofanyika yanaandikwa siku kwa siku. Basi nami ni mtu wa filamu sasa. Nimechukua daftari la vipimo vya wateja, nimeanzia nyuma. Shule niliishia darasa la nne, lakini kuandika naweza. Anayebisha alete shati nimwandikie bega na kifua.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu wa mwisho anasoma chuo cha filamu. Mwaka jana alianguka mtihani wa kamera. Akianguka tena mwaka huu, chuo kwaheri, anarudi nyumbani na begi lake. Jumamosi hii kazi yake inaonyeshwa mbele ya mwalimu wao, wanayemwita Kobe kwa sababu hata chafya anaipiga kwa awamu. Mtihani ni dakika tatu za mwanzo wa filamu ya jasusi, na kamera isikatwe hata mara moja. Na hizo dakika tatu anazipigia wapi? Dukani kwangu! Kwenye cherehani yangu!

Tangu asubuhi nimeshona mkono wa kulia kwenye bega la kushoto mara mbili. Woga huo.

Amenieleza mpango. Kamera inaanzia ng'ambo ya barabara. Mtu anavuka kuja dukani. Tunamwona mgongo tu, mwenyewe hajui kama anatazamwa. Kamera inamfuata polepole, inaingia naye mlangoni. Anakaa kusubiri koti lake, ametupa kisogo. Kamera inakwenda kwenye mikono ya fundi, inayoshonea bahasha ndani ya bitana ya koti. Mikono tu. Halafu viatu vya yule mtu. Halafu saa ya ukutani. Mwisho kabisa inafika kwenye kile kioo kikubwa, na ndani ya kioo, uso wa fundi. Anamtazama yule mtu. Kumbe fundi ndiye jasusi!

Nikamuuliza kwa nini fundi asionyeshwe mapema, watu wamjue, wasalimiane, mambo yaishe. Akacheka. Akasema kamera ikificha kitu, mtazamaji anakijaza mwenyewe kichwani, na anachojaza huwa kibaya kuliko ambacho ungemwonyesha. Eti hiyo ndiyo taharuki. Kumbe watu wanatoka makwao, wanalipa kiingilio, ili wakabwe roho! Mimi nina watoto watatu na mume dereva wa lori. Taharuki naletewa mpaka mlangoni, bure.

Mikono atatumia yangu. Nilimkumbatia na pini zikiwa bado mdomoni.

Uso atatumia wa shangazi yake.

Narudia kuandika, isije ikawa nimesikia vibaya. Uso wa shangazi yake! Wifi yangu! Dada wa mume wangu, mwanamke asiyejua kutunga uzi kwenye sindano! Eti ana uso ambao huwezi kujua unawaza nini. Mimi najua. Hauwazi chochote. Na eti mimi nina uso wa kumwambia mtu karibu ukae. Nashukuru sana, mwanangu.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi. Kamera inatoka chuoni kesho asubuhi na inarudishwa keshokutwa saa kumi jioni. Si dakika moja zaidi. Wanafunzi wengi, kamera moja.

Kwa kuwa haikatwi, lazima tubadilishane kama wezi. Kamera ikiacha mikono yangu na kwenda kwenye viatu na saa, mimi nateleza chini ya meza ya kukatia. Wifi anatoka nyuma ya pazia la kujaribia nguo, anakalia kiti changu. Tuna hesabu ya kumi tu. Kamera ikifika kwenye kioo, mwenye mikono hayupo, mwenye uso yupo, na mtazamaji anadhani ni mtu mmoja. Yaani miaka ishirini na sita ya ufundi wangu, sifa anachukua Wifi kwa kukaa.

Nimeshona magauni mawili ya kitambaa kimoja, kijani kilichokolea, ili mikono ya nguo ifanane. Wifi akaja kupimwa. Akasema nisimbane, jasusi lazima apumue. Akauliza kama vidole vyangu vitapakwa poda, maana hataki watu waone uso ule na vidole hivi wakadhani ana ugonjwa. Nikamchoma na pini. Bahati mbaya, kwa kweli. Mara mbili.

Mtu wa kuvuka barabara ni Fundi Viatu, jirani yangu wa mlango wa pili. Kazi yake ni avuke, akae, asifanye lolote. Mwanangu anasema anaigiza vizuri mno. Sishangai. Hata dukani kwake hufanya hivyo hivyo.

Kisha mwanangu akanionyesha anavyotembea na kamera. Amekunja magoti, anateleza kama mtu aliyebeba beseni la maji ya moto. Akasema kamera ikitikisika, mtazamaji anakumbuka kuna mtu ameishika. Ikiteleza taratibu, anahisi ni macho yake mwenyewe yanayosogea, na hawezi kuyarudisha nyuma. Nilimtazama tu. Huyu ndiye aliyekuwa akilia nikimwacha na jirani dakika tano! Kayajua wapi haya? Machozi yakanilenga.

Nikaamua palepale. Mtoto huyu atapita. Na uso wa mama yake utakuwemo.

Mpango ni rahisi. Kesho siteremki chini ya meza.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya balaa. Naandika kwa mpangilio.

Mara ya kwanza. Nilishona bahasha vizuri kabisa. Kamera ikaenda kwenye viatu. Mimi nimekaa. Ikaenda kwenye saa. Mimi nimekaa, nimeweka uso wa kijasusi. Sasa Wifi katoka nyuma ya pazia akijitazama kwenye kioo badala ya kutazama anapokwenda. Akanikalia. Mapajani! Kwa uzito wake wote! Kamera ilipofika kwenye kioo ilikuta gauni moja kubwa la kijani lenye vichwa viwili. Mwanangu akaita, "Mama!" Nikasema mguu ulikufa ganzi. Haukuwa umekufa. Baada ya Wifi kuinuka ulikuwa umekufa kweli.

Mara ya pili. Niliteleza kama nilivyoambiwa, mtoto mzuri mimi. Ila asubuhi nilikuwa nimeinamisha kioo kidogo, kidogo tu, kielekee chini ya meza. Kamera ikafika. Ndani ya kioo hakuna Wifi. Kuna kichwa changu kati ya vipande vya vitambaa, kinatabasamu. Sikukusudia kutabasamu. Ukitazamwa na kamera mashavu yanapanda yenyewe. Mwanangu akarudisha kioo mahali pake bila kuniuliza kitu. Angeuliza ningejibu. Nilishatayarisha uongo mzuri.

Mara ya tatu haikuwa njama, naapa. Nilikuwa chini ya meza, kimya. Nikaona mgongo wa Fundi Viatu. Kakaa zake, maskini ya Mungu, ana kitundu kwenye ukosi wa shati, hajui lolote. Kwenye kioo nikaona macho ya Wifi yamemkazia. Saa inagonga tu. Nikashtukia nimesema, "Fundi, geuka!" Akageuka. Akaniuliza kwa heshima zote kuna nini, Mama.

Mara ya nne mteja aliingia kuuliza suruali yake. Hiyo si yangu, iandikwe hivyo.

Jua likapungua, kazi ikaishia hapo. Mwanangu akakaa kwenye ngazi ya mlango, kamera mapajani. Hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi. Alisema tu kwamba kesho ndiyo mwisho, kwamba akianguka hana mwaka mwingine, na kwamba ananiomba, Mama, mikono tu. Mikono tu.

Nikamwahidi. Nilitubu kabisa, kwa moyo wote, kama robo saa.

Kisha nikaliona gauni la Wifi limetundikwa pale. Nimelipunguza vidole viwili kila upande. Sina nia mbaya. Kesho litamkataa, atashindwa, atakwenda nyumbani kwa heshima. Mtoto atakosa uso. Na mimi nitakuwa nimesimama hapo, gauni mwilini, uso ninao. Hiyo ni njama gani? Hiyo ni kujitolea.

Alhamisi, 6 Machi

Liliingia!

Sijui kwa miujiza gani. Wifi akasema nimepima vibaya. Nikamwambia labda alikula vizuri. Akasema hata ningekuwa nimemshonea soksi, leo angeivaa. Akavuta pumzi. Zipu ikagoma katikati. Nikasema basi, pole Wifi, ndiyo hivyo. Fundi Viatu, ambaye hakuna aliyemwomba, akakimbilia dukani kwake akarudi na koleo. Zipu ikapanda. Mwanamke akawa amesimama kama mwiko, anatembea kwa vidole vya miguu, hawezi kugeuza shingo.

Na mwanangu? Alimtazama shangazi yake kwa mapenzi! Akasema hivyo hivyo, Shangazi, shikilia hapo hapo, hatimaye una sura ya mtu mwenye siri. Vidole vyangu viwili kila upande vimempa sura ya mtu mwenye siri. Hongera kwangu.

Mchana wote ukaenda na makelele ya barabara. Lori. Pikipiki. Lori tena. Saa tisa na nusu ikabaki nafasi moja.

Ilianza. Sijawahi kuona kitu kimekaa sawa namna ile. Fundi Viatu alivuka. Mwanangu nyuma yake, magoti amekunja. Waliingia. Kamera ikaja juu ya mikono yangu, karibu mpaka nikasikia mwanangu anavyopumua. Nikashona. Bahasha ikaingia kwenye bitana, uzi nikaukata kwa meno. Kamera ikaondoka. Nikateleza chini, sikugusa hata mguu wa meza. Wifi akakaa. Viatu. Saa. Hakuna kosa hata moja. Nikawaza, haya, mtoto anapita bila uso wangu, na liwalo na liwe. Nilikuwa mtu mwema kabisa wakati huo, na hakuna aliyeniona.

Halafu nikasikiliza juu. Wifi hapumui.

Nikasikiliza tena. Hakuna kitu. Miguu yake mbele ya pua yangu inatetemeka. Ana presha yule! Anameza vidonge! Nikamwona mawazoni mume wangu anashuka kwenye lori, anauliza dada yake yuko wapi, na mimi namjibu nilimshonea gauni. Mkasi mkubwa wa kukatia ulikuwa pale chini karibu na goti langu. Nikauchukua. Nikatoka nyuma ya kiti chake polepole, nisigonge meza, nikainua mkono. Kraaa! Nikalipasua gauni kutoka ukosi mpaka kiunoni.

Wifi akatoa pumzi kama tairi la basi. Fundi Viatu akaanguka na kiti chake.

Mwanangu alibaki na kamera usoni. Haikutikisika. Aliishusha, akatazama saa, akaiweka kwenye sanduku lake, akaondoka kuirudisha chuoni.

Wifi ananiuliza nilijuaje kama gauni linamuua. Nikakohoa mpaka akasahau swali.

Ijumaa, 7 Machi

Hasemi nami. Asubuhi amekunywa chai akitazama kikombe. Nimemuuliza kama nimpigie pasi blauzi. Amesema asante, ameshapiga. Asante! Mtoto wangu mwenyewe ananiambia asante kama karani wa dirishani.

Haiwezekani nikakaa. Nimefunga duka, nimekwenda chuoni kumwona Kobe. Niliwaza njiani cha kusema. Ukweli ungemuumiza mtoto, kwa hiyo niliuacha nyumbani. Nikamwambia mwalimu kwamba binti yangu ameshikwa na tetekuwanga, mwili mzima, hata kuona kwa jicho moja haoni, kwa hiyo namwombea kamera siku moja zaidi. Kobe akanisikiliza. Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Mimi nimeshazeeka pale. Ndipo akauliza, taratibu, kama binti mwenyewe ndiye yule aliyesimama nyuma yangu.

Nikageuka. Alikuwa mlangoni na kazi yake mkononi, anakuja kuikabidhi. Ngozi yake safi kama yai.

Nikasema, "Alhamdulillahi, amepona!"

Kobe akaipokea kazi. Akasema iliyokabidhiwa imekabidhiwa. Mwanangu akanisindikiza mpaka getini. Pale ndipo aliposema neno la kwanza la maana tangu jana. Alisema, "Mama, hukunipa hata nafasi ya kuanguka mwenyewe." Kisha akarudi ndani.

Nimeshona kola nne tangu nirudi. Zote nimezifumua.

Jumamosi, 8 Machi

Nilikwenda. Sikualikwa. Wifi alialikwa, nikamshika mkono nikaingia naye kama mzigo.

Ukumbi umejaa. Nimekaa nyuma, nguzo mbele yangu. Mwanangu kiti cha mbele, shingo yake nyembamba kama ya kifaranga. Kazi za wenzake zikapita. Jasusi mmoja alikimbia, mwingine akapiga risasi, wa tatu akaruka ukuta. Hakuna aliyenitisha. Nimelea watoto wa kuruka ukuta.

Ya mwanangu ikaanza.

Barabara. Mgongo wa Fundi Viatu unavuka. Basi! Ndiyo yote! Lakini kamera inamfuata, haina haraka. Duka langu nililijua na sikulijua. Kwa nini mlango ule unatisha? Mimi huufagia kila siku! Mikono ikatokea. Mikono ya nani hii, nikawaza, mbona inajua kitu? Ilikuwa yangu. Ilikuwa ikitetemeka kidogo, kwa woga wa kumharibia mtoto, na ukumbi mzima ukadhani inatetemeka kwa uovu. Viatu. Saa. Kioo. Uso wa Wifi, macho yamemtoka, jasho juu ya mdomo, hapumui. Mtu wa kiti cha mbele yangu naye akaacha kupumua.

Halafu, nyuma ya Wifi, ndani ya kioo, ukainuka mkono. Nguo ya kijani ile ile. Mkasi wazi. Unapanda polepole, unaelekea shingoni, na Wifi haoni.

Nikasimama. Nikapiga kelele, "Wifi! Nyuma yako!"

Skrini ikawa nyeusi. Mwanangu aliimalizia hapo, kabla ya kraaa.

Ukumbi mzima ukanigeukia. Wifi pembeni yangu alikuwa ameruka akageuka kweli, nyuma yake kuna ukuta. Watu wakacheka, kisha wakapiga makofi, sikujua wanampigia nani. Nikateleza chini ya kiti. Hiyo kazi naijua.

Kobe akasimama. Ilichukua muda. Akauliza kama ule mkono wa mwisho ulikuwa kwenye mpango. Mwanangu angeweza kusema ndiyo. Mimi ningesema ndiyo, na ningeongeza ya kwangu. Yeye akasema hapana, mwalimu, ilikuwa ajali. Akasema aliitazama ajali ile usiku kucha, akaona kwamba jasusi tuliyedhani anatazama, naye anatazamwa. Akaamua mahali pa kuisimamisha filamu. Akasema ni hilo tu alilofanya.

Kobe akasema hilo ndilo alilomfundisha mwaka mzima, yaani mahali pa kuacha. Amepita. Tena yeye na mwenzake mmoja wanapelekwa Jumatatu kujifunza kazi kwenye filamu kubwa inayopigwa mjini.

Halafu Kobe akauliza, mkono wa nani?

Mwanangu akageuka kutafuta. Akanikuta chini ya kiti. Akasema, "Wa mama yangu." Kwa sauti. Mbele za watu wote.

Nililia mpaka kitambaa cha Wifi kikalowa. Wifi akasema kila mtu ameona kwamba shingo ilikuwa yake.

Jumapili, 9 Machi

Mwanangu amekaa nami leo, amenishika mikono yote miwili. Amesema amenisamehe. Amesema lakini, Mama, kesho ni kazi ya watu. Usije, usitume mtu, usipunguze nguo ya yeyote. Kumbe anajua la gauni! Nikaapa. Nikaapa tena bila kuombwa.

Nimewaza sana baada ya hapo, na nimeelewa kosa langu. Mambo ya kubanabana nguo na kuinamisha vioo ni ya kitoto. Ukitaka kutokea kwenye kamera, tokea wazi.

Alitaja, bila kufikiri, kwamba Jumatano wanapiga picha za sokoni na wanahitaji watu wa kupita nyuma ya jasusi. Mtu yeyote tu, wa kupita. Niliapa sitakwenda kama mama yake. Mpita njia hakuapa kitu. Nimeshakata gauni, jekundu, linalowaka, la mikono mipana. Kamera ikijaribu kunikwepa itaumia shingo. Na nikimwona huyo jasusi wao yuko hatarini, nitampa ishara ndogo tu. Ni ubinadamu.

Wifi amepata habari, sijui kwa nani. Amekuja mbio kuomba nimshonee la kwake. Nimekubali kwa moyo mweupe, bure, na nimempimia kwa nafasi ya kupumua. Kitambaa nimemchagulia mwenyewe. Kina rangi ya ukuta.